Kiingereza Kilipokombolewa

Wasimulizi wa zamani walianza kwa kuita, na wasikilizaji wakaitikia. Mimi nitaingia bila hodi, kwa sababu katika nchi ninayotaka kuisimulia, mtu aliyeitikia kwa lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni, na sipendi kumponza msomaji wangu. Jina la nchi hiyo nisiulizwe. Lilikuwa bado liko wizarani, linatafsiriwa.

Ilikuwa nchi nzuri, na mimi ni raia wake mwema. Mtoto wa kawaida wa huko alifika darasa la kwanza na lugha tatu kinywani: ya waliomlea, ya majirani, na ya sokoni, yaani hii hii ninayokuandikia. Alizipata zote akiwa anacheza, bila mwalimu wala kiboko. Ndiyo maana serikali ilizitilia shaka, maana kitu kilichopatikana kwa raha hakiwezi kuitwa elimu.

Kazi ya shule ilikuwa kumfundisha mtoto huyo Kiingereza, na njia yenyewe ilikuwa ya kurithi. Asubuhi mwalimu alitoa mfupa wa ng'ombe uliotobolewa na kutiwa kamba. Mtoto wa kwanza kuteleza ulimi akasema neno la nyumbani alivishwa. Naye, ili auvue, ilimpasa anyatie wenzake mpaka amnase mwingine. Yule aliyekutwa nao jioni, kengele ikilia, alichapwa kwa niaba ya wote. Kwa njia hiyo watoto walijifunza kunyamaza na kuchongea, na wengi wa waliofaulu masomo hayo mawili ndio wanaotuongoza leo.

*

Basi Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Profesa Balozi Lupyana, akaenda kwenye mkutano wa dunia wa kung'oa ukoloni katika elimu. Mkutano ulifanyika katika mji mkuu wa wale waliotutawala, kwa kuwa hoteli zao ndizo zilizokuwa na nafasi. Alirudi na uchungu mkubwa moyoni, na masanduku.

"Ndugu wananchi," alisema pale uwanja wa ndege, kwa Kiingereza, "tumelala usingizi wa pono. Tunawafundisha watoto wetu Kiingereza cha kikoloni. Kuanzia leo watafundishwa Kiingereza kilichokombolewa."

Akatia na methali yetu, mkataa kwao mtumwa, akaitafsiri kwa Kiingereza kizuri mno hata hakuna aliyeitambua. Watu walipiga makofi walipoona walinzi wanapiga. Mama mmoja jirani yangu alitokwa machozi. Nilipomuuliza sababu, alisema anamfahamu Waziri tangu utotoni na hajawahi kumwelewa hata siku moja.

Ukombozi ulianzia vitabuni. Mtoto aliyeitwa John, mwenye tufaha, akawa Juma mwenye embe. Theluji ilifutwa, mahali pake pakatiwa vumbi. Juma aliendelea kuzungumza Kiingereza na mama yake, na mbuzi wake, na mganga wa kijiji chake, maana hapo Kamati ya Wizara haikuona tatizo.

Kisha ukaja mfupa. Waziri aliushika hewani mbele ya wabunge kwa hasira ya kweli. "Ni fedheha," alisema, "kwamba hata leo mtoto wetu anaaibishwa kwa mfupa wa wageni. Kwani sisi hatuna miti?" Mfupa ukapigwa marufuku nchi nzima. Badala yake kikachongwa kibao cha mninga wetu, na mafundi wetu, kikapakwa rangi za bendera na kutiwa kamba ya mkonge wetu. Mtoto atakayeaibika, sera ilisema, aaibike kizalendo.

Lakini fahari ya sera ilikuwa Kasha la Urithi. "Mkoloni aliziua lugha zetu," alisema Waziri. "Sisi hatuui. Sisi tunahifadhi." Kila shule ililetewa kasha la mbao lenye kitundu juu na kufuli mbele. Mtoto aliyevishwa kibao alipelekwa stoo, akainama, akanong'ona kitunduni lile neno aliloponzwa nalo. Mwalimu akaziba kitundu kwa kizibo. Neno lingekaa humo salama mpaka nchi iendelee, ndipo wenyewe waalikwe kuja kulitazama.

Sasa, mimi si mtu wa kuisema vibaya serikali. Lakini ukweli ni kwamba hakuna aliyetegemea lile kasha lifanye kazi. Kwetu vitu vya serikali havina tabia hiyo. Bomba la maji la Kidaraja lilizinduliwa na mawaziri watatu, wa nne akaja kulizindua tena kwa kuwa hakuridhika, na tone halijaonekana. Tulidhani na kasha ni hayo hayo.

Kasha likafanya kazi. Neno lililonong'onezwa mle halikurudi tena kinywani mwa mtoto, wala sikioni mwake. Aliyetoa "maji" kwa lugha ya kwao, siku ya pili bibi yake akimwomba maji alisikia kama bawaba ya mlango inalia. Mkoloni kumbe alikuwa mvivu. Mfupa wake ulimchukulia mtu heshima yake tu, maneno ukamwachia.

*

Pale Kidaraja, katika nchi ya Washebe, alikuwepo mtoto wa kike aliyeitwa Mbeyu. Mama yake alikwenda ng'ambo kutunza bibi wa watu wengine, hivyo Mbeyu akalelewa na bibi wa kwake, Bibi Sidi, ambaye Kishebe kilimtosha tangu azaliwe. Lugha ya sokoni aliijua kwa kiasi cha kununulia chumvi. Walipendana kwa ugomvi, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu. Bibi Sidi alimwita "mke mwenzangu," na Mbeyu alimjibu kwamba yeye ndiye mke mdogo kwa hiyo apikiwe.

Washebe wana desturi moja ambayo hadithi hii imesimama juu yake, kwa hiyo naomba tusiipite haraka. Kwao mtu hafi kwa kukata pumzi tu. Siku yake ikifika, watu wake waliotangulia huja kumchukua, wakasimama mlangoni. Hawaingii, naye hatoki, mpaka mtoto aliyemlea kwa mikono yake ampe ruhusa. Maneno ya ruhusa ni machache, na tafsiri yake ni hii: Nenda, nyumba ina mtu. Kwa Kishebe siyaandiki, maana ni mali ya Wizara na sina kibali. Lazima yasemwe kwa Kishebe, kwa kuwa walio mlangoni hawakuwahi kujua lugha nyingine. Asipopewa, anabaki hapo katikati, hali wala halali, maumivu hayamwishi, na walio mlangoni hawana pa kwenda.

Bibi Sidi alimweleza Mbeyu hayo mapema, kabla hajaanza shule, wakichambua mboga.

"Wewe ndiye utakayeniruhusu," alimwambia.

"Nisipotaka?"

"Utataka. Utaniona nimechoka."

"Nitalia."

"Ulie baadaye, mke mwenzangu. Kwanza uniruhusu. Tena ujue unachosema, usiropoke. Ruhusa ya asiyejua anachotoa ni upepo tu."

Mbeyu alikubali, akaendelea na mboga zake.

*

Mdomo wa Mbeyu haukuwa na komeo, na hilo ndilo lililomponza. Watoto wapole walipoteza neno moja moja. Yeye alivishwa kibao kila mchezo ulipomkolea. Aliruka kamba akamhimiza mwenzake kwa Kishebe, nenda, likaenda kashani. Alichora mchangani akajisahau akataja nyumba, ikaenda. Alimwona mgeni getini akasema kuna mtu, na mtu naye akaenda. Alitoa moto, chumvi, kesho, sitaki. Alitoa mke mwenzangu. Jioni alirudi nyumbani akakaa karibu na bibi yake, na bibi akaongea, na mtoto akamtazama midomo. Yale mazungumzo ya wakati wa kuchambua mboga yalibaki kichwani mwake kama picha isiyo na sauti. Lugha ya sokoni ilimbakia, kwa kuwa sera iliiita lugha ya mpito na walimu wenyewe waliitumia wakati wa chai.

Katika Kiingereza alikuwa wa kwanza. Mwalimu wake, Mwalimu Tungaraza, alifundisha kama alivyofundishwa. Alisema sentensi, akasema "rudieni," darasa likarudia kwa sauti moja yenye kupendeza, ukiwa barabarani ungedhani ni kwaya. Alikuwa mzee anayekaribia kustaafu, Mshebe, aliyevaa mfupa miaka yake yote ya shule. Kishebe chake alikuwa nacho kamili, ila hakuwa amekitumia tangu utoto, alikiweka kama mtu anavyoweka suti ya harusi.

"Wanaelewa?" aliulizwa siku moja na Mkaguzi wa Shule, Bwana Kisamo.

"Wanarudia," alijibu.

"Safi," alisema Bwana Kisamo. Ukaguzi ukaisha.

Siku moja somo lilikuwa la mvua. Mwalimu Tungaraza alisema sentensi, darasa likarudia, naye akatazama nyuso zile zilizotulia na moyo ukamchoka. Bila kufikiri akawaeleza sentensi ile kwa Kishebe, na kwa wale ambao Kishebe hakikuwa chao au kilikuwa kimeshachukuliwa, akaeleza kwa lugha ya sokoni. Kilichofuata hakijawahi kuripotiwa wizarani. Mtoto mmoja alicheka, kwa kuwa alikuwa ameelewa. Mwingine akasema kwamba kwao mvua ya namna hiyo ina jina lake, wa tatu akauliza kwa Kiingereza itaitwaje, akapewa, akaunga sentensi yake mwenyewe ambayo haikuwa kitabuni. Wakaanza kusahihishana, lugha tatu zikipokezana meza hadi meza, na Kiingereza kilichosemwa kipindi kile kilikuwa kingi kuliko cha mwaka mzima. Mbeyu alisema paa lao linavuja. Alilisema kwa Kiingereza, na lilikuwa kweli.

Bwana Kisamo alikuwa dirishani.

"Mwalimu," alisema, "unaturudisha kwenye ukoloni."

"Kwa Kishebe, Ndugu Mkaguzi?"

"Kwa kuchanganya. Sera imekikomboa Kiingereza, wewe unakitia ukabila." Akamvisha kibao mbele ya watoto, akamwambia akamalizie stoo kama kila mtu. Watoto waliinamisha macho. Darasa likarudi kwenye kurudia.

*

Ilikuwa saa ya mapumziko, jua la utosi. Mwalimu Tungaraza alisimama stoo mbele ya kasha, kibao kifuani, akainama, akachomoa kizibo. Akasikia watoto.

Mwanzoni alidhani ni wa uwanjani. Akachungulia nje. Uwanjani watoto walikuwa wakiruka kamba na kukimbizana, vumbi likitimka, na hakuna aliyetoa sauti. Kelele za mapumziko zilikuwa ndani ya kasha. Zilihimizana, zilibishana, zilicheka, kwa Kishebe na lugha nyingine za bonde lile. Aliwatambua mmoja mmoja, maana alikuwa ameitoa hukumu ya kila mmoja. Chini kabisa kulikuwa na sauti ndogo iliyoomba maji, ikingoja, ikaomba tena. Mwalimu alijisahau. Alifanya anachofanya mtu mzima yeyote akiitwa na mtoto.

"Naam," alisema kwa Kishebe.

Kasha zima likanyamaza. Hakikuwa kimya cha kitu kitupu. Watoto wote mle ndani walikuwa wameacha mchezo, wanasikiliza kama mtu mzima yule ataongea tena.

Alirudisha kizibo taratibu, akatoka bila kutoa neno lake. Chai ilipoletwa, hakuinywa. Aliogopa, na sioni aibu kumsemea. Ningekuwa mimi ningehama wilaya.

*

Wakati huohuo Wizara ya Afya ilikuwa na sherehe. Wazee wa Washebe walikuwa wameacha kufa. Ilianza kidogo kidogo: babu aliyeagwa na ukoo mzima aliamka akaketi barazani, bibi aliyeshonewa sanda akaitumia kama kitambaa cha kuanikia ufuta. Kisha baraza zikajaa. Walikaa wamenyoosha miguu, macho mlangoni, wakiita wajukuu zao kwa sauti za upole, na wajukuu wakija walileta maji. Serikali ilichapisha mabango: Umri Mrefu ni Matunda ya Sera. Picha ya bangoni ilikuwa ya mama mzazi wa Waziri Lupyana, anayesemekana amepita umri wa kuhesabika. Wapiga picha walisema bibi huyo hakuiachia mikono ya koti la mwanawe, akimwambia jambo moja tena na tena, na Mheshimiwa aliagiza aletewe mkalimani, kisha akapata dharura.

Bibi Sidi naye akaugua. Mwili ukamwisha, akabaki macho na maumivu. Mwalimu Tungaraza, aliyekuwa jirani, alikwenda kumjulia hali. Alimkuta Mbeyu ameketi kando ya kitanda na kikombe mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Mwalimu kwa Kishebe, na ulimi wenyewe ukamshangaa.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja unayesikia. Mtoto ana nini? Namwomba ruhusa, ananipa maji. Nimekunywa maji mpaka basi."

Mwalimu alikichukua kikombe mkononi mwa mtoto, akakiweka chini.

"Na wenzangu pale mlangoni," Bibi aliendelea, "wamesimama tangu juzi, jua linawaunguza. Mume wangu hakuzoea kusimama. Waambie wasogee kivulini."

Mwalimu aligeuka. Mlangoni hapakuwa na mtu. Lakini kuku wa Bibi Sidi walikuwa wakitoka uani, na walipofika mbele ya mlango waligawanyika, nusu wakapita kulia na nusu kushoto, wakakutana tena mbele. Mwalimu alisogea pembeni kwa adabu, asiwazibie waliokuwepo.

Akamwita Mbeyu karibu, akamwambia polepole yale maneno ya ruhusa kwa Kishebe ayaseme. Mtoto alikunja uso.

"Mlango unalia," alisema kwa lugha ya sokoni. "Mwalimu, wewe sema, mimi nitarudia." Mwalimu akasema tena, na tena, na kila mara mtoto akasikia bawaba. Alikuwa mtoto mtiifu, na alianza kulia kwa kuona anashindwa somo.

*

Walikwenda wote wawili kwa Bwana Kisamo kuomba kasha lifunguliwe. Bwana Kisamo aliwapokea kwa heshima, akawapa viti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Pole na mgonjwa," alisema. "Lakini Mwalimu, unajua unachoomba? Yale si maneno tena. Ni nyara za serikali, kama pembe za ndovu. Leo nikimpa huyu maneno matatu ya bibi yake, kesho watakuja wote."

"Yalikuwa yake, Ndugu Mkaguzi. Aliyatoa kinywani mwake."

"Na ndovu naye alikuwa na pembe zake." Akafikiri, maana hakuwa mtu mbaya. "Isitoshe, sera haijamwacha mikono mitupu. Mtoto ana Kiingereza, tena kilichokombolewa. Si amwambie kwa Kiingereza?"

Akaitafsiri ruhusa yeye mwenyewe, tafsiri nzuri isiyo na kosa, na Mbeyu akaishika kwa mara moja. Walirudi nyumbani. Mtoto alisimama kando ya kitanda, mikono nyuma kama anavyosimama darasani, akaisema kwa sauti safi. Bibi Sidi alimsikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza redio ya mtu mwingine. Kisha akatazama mlangoni.

"Wanauliza anasema nini," alimwambia Mwalimu. "Nami sijui niwajibu nini." Maumivu yakamkamata hapo hapo, akauma ncha ya khanga asipige kelele mbele ya mtoto.

*

Kesho yake, masomo yalipokwisha, Mwalimu Tungaraza alitoka stoo na kasha begani. Hakujificha. Alilifunga nyuma ya baiskeli yake kwa mpira, akamwita Mbeyu washike njia, akachomoa kizibo, maana aliona si haki kuwasafirisha watoto hawa bila hewa.

Njia kutoka shuleni inapita katikati ya Kidaraja. Sauti zilitangulia mbele ya baiskeli. Akina mama walisimama na miko mikononi, kila mmoja amesikia sauti ya mtoto wake, na mtoto mwenyewe yuko pale ubavuni, kimya, anamtazama. Barazani wazee waliinuka. Wale ambao hawakuwa wamesimama miezi mingi waliinuka wakishika nguzo, wakaitika, huyu naam, huyu niko hapa, huyu njoo mwanangu, kuelekea baiskeli inayopita. Mwalimu hakuweza kusimama kwa kila mmoja. Alikuwa akilia waziwazi, na aliendelea kuisukuma.

Waliliweka kasha sakafuni kando ya kitanda cha Bibi Sidi. "Tafuta sauti yako," Mwalimu alimwambia Mbeyu. "Za wengine ziache. Yako utaijua."

Mtoto aliweka sikio kitunduni. Alikaa hivyo muda mrefu, macho ameyafumba. Mwalimu alipiga magoti upande wa pili, akisikiliza kwa niaba yake.

"Huyu ni mimi," alisema Mbeyu mwishowe kwa mshangao. "Nacheza kamba."

"Hilo ndilo la kwanza. Lishike. Rudia."

Akalirudia. Kwa kuwa ilikuwa sauti yake mwenyewe, sikio halikumfungia mlango. Wakangoja mpaka la nyumba likapita, na Mwalimu akamgusa bega, akalirudia. Wakangoja la mtu. Kisha Mwalimu akayaunga, akamwelekeza lipi litangulie, na kwa lugha ya sokoni akamweleza maana yake kama alivyowahi kueleza maelfu ya sentensi: unamwambia nenda, nyumba ina mtu. Mbeyu alitikisa kichwa kukubali. Mwalimu aliijua ile namna ya kutikisa kichwa. Ndiyo aliyoiona mbele yake kila asubuhi tangu ashike chaki.

Mbeyu akasimama, mikono nyuma. Akamtazama bibi yake, akayasema kwa Kishebe, wazi, bila kukosea.

Kasha likanyamaza. Nje kuku waliacha kudonoa. Uso wa Bibi Sidi ulilegea, akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Lakini hakufumba macho. Alimgeukia Mwalimu.

"Anajua anachosema?" aliuliza kwa Kishebe.

Mwalimu Tungaraza alimtazama mtoto. Mbeyu alimtazama yeye, akingoja kuambiwa kama amepata.

"Anajua, mama," alisema.

"Basi mwambie asante. Mwambie nimemsikia." Bibi Sidi aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mjukuu wake, akageuza uso mlangoni, akasema jina la mumewe kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba yuko tayari waondoke. Pumzi ikatoka, haikurudi. Hewa ya chumbani ilipita kuelekea nje, pazia likafuata kidogo, na kuku wakapita mlangoni moja kwa moja.

Mwalimu alimfumba marehemu macho. Mbeyu hakulia. Alimtazama bibi yake, kisha akatazama nyuma ya mlango. Akainama akachungulia uvunguni. Akaenda chumba cha pili, akarudi, uso wake ukiwa na wasiwasi wa mtoto mwema anayetaka kuhakikisha hajasema uongo.

"Mwalimu," aliuliza kwa lugha ya sokoni, "na huyo mtu mwenyewe yuko wapi?"